Cornel na Mistari Mitano ya Barafuni

Kipenga kililia kwenye runinga ya kantini kwa mara ya nne, na Cornel akarudisha tonge kwenye sahani.

"Kwa nini amepuliza?"

"Sijui," alisema Octavian. "Kapuliza tu."

"Hakuna mwamuzi anayepuliza tu."

"Basi huyu anapuliza tu. Wamesimama, wanajipanga upya. Kula, kaka, mlenda unapoa."

Cornel alikuwa mpokea simu katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Alizaliwa Bahi, surua ikamnyang'anya macho akiwa na miaka sita, akasoma shule ya wasioona, kisha akaajiriwa Dar es Salaam kukaa kwenye swichibodi. Serikali ilipohamia Dodoma naye akahama nayo, akifurahi kurudi karibu na kwao. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa kuwa hakutakiwa kuiacha simu wakati wengine wanakula, zamu yake ya chakula ilikuwa saa nane, kantini ikiwa karibu tupu. Octavian, dereva kutoka Bukoba, alikula naye siku ambazo hakuwa na safari.

Mpira wa miguu Cornel aliujua kuliko wote pale. Aliujua kwa redio tangu utotoni, na ubishi wowote wa kantini ulikomea kwake. Siku hizi kila afisa ana simu yake mkononi, na ile ya mezani ilikuwa inaweza kulia mara kumi tu tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo watu waliposema "muulizeni Cornel," kauli hiyo ilikuwa na uzito kwake, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Lakini rimoti ya kantini ilikuwa imepotea tangu Januari, na king'amuzi kilikuwa kimeganda kwenye chaneli moja ya michezo. Mwezi huo wa Februari chaneli hiyo ilikuwa inaonyesha Olimpiki ya majira ya baridi. Karibu kila siku saa nane na dakika kumi ulianza mpira wa magongo wa kwenye barafu. Watu walitazama kidogo, wakacheka jinsi wachezaji walivyobamizana ukutani, wakarudi kwenye simu zao. Cornel peke yake ndiye aliyetaka kujua kinachoendelea, na yeye ndiye asiyeona.

Alisikia vyuma vikikwaruza. Alisikia magongo yakigongana, kishindo cha ubao wa ukuta, kipenga, kisha watu wakishangilia jambo asilolijua. Mtangazaji alisema Kiingereza cha mbio, na Kiingereza cha Cornel kilikuwa cha ofisini, cha "please hold" na "he is in a meeting". Alimtegemea Octavian, na Octavian alikuwa anatazama bila kuona.

Siku ya tatu Cornel aliuliza, "Huo mpira hawaupigi juu? Siusikii ukidunda."

"Mpira gani? Hakuna mpira, kaka. Ni kitu cheusi, bapa, kama kifuniko cha ndoo ndogo. Kinateleza."

"Siku tatu, Octavian. Siku tatu nimeweka mpira kichwani, wewe unajua si mpira."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje?"

Anastazia, mwenye kantini, aliingilia kati kwa kusema kwamba ni mchezo wa Wazungu na Wazungu wenyewe ndio wanaoujua. Hilo lilimkera Cornel zaidi. Mpira wa miguu nao ulikuja na meli, akasema, na leo Anastazia mwenyewe anajua kuotea ni nini.

Neno moja alilisikia likirudiwa na mtangazaji, karibu kila mara kipenga kilipolia baada ya kishindo cha mbali. "Aisingi." Alimuuliza Anastazia, kwa kuwa alisikia kwamba anapika keki za harusi.

"Aisingi ni ile sukari ya kupaka juu ya keki."

"Sasa inaingiaje huko?"

"Mimi nimekujibu ulichouliza."

Jumamosi, nyumbani kwake Ipagala, Cornel aliiambia simu yake imsomee sheria. Simu yake ilikuwa na ile sauti ya kusoma maandishi, nayo ilisoma kama mtu anayekimbizwa: mstari wa bluu, mstari wa kati, eneo la ulinzi, eneo la katikati. Maneno alikuwa nayo yote. Alichokosa ni mahali pa kuyaweka. Alisikiliza mara nne, kisha akaitupa simu kwenye kochi.

"Hilda," alimwita mkewe, aliyekuwa akishona barazani. "Njoo unitazamie picha."

Hilda alikuja na futi yake shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na kitu kikiwa na vipimo hakimshindi. Aliitazama picha ya uwanja kwenye simu, akahesabu. Mistari mitano. Mmoja mwekundu katikati kabisa. Miwili ya bluu, kila mmoja upande wake. Miwili mingine myekundu huko mwisho, penye magoli, na nyuma ya goli bado kuna nafasi ya kupita.

"Nyuma ya goli wanapita?"

"Ndivyo picha inavyoonyesha."

"Wiki nzima hakuna aliyeniambia."

"Mimi usinifokee, nimefika sasa hivi."

Alimwomba radhi. Hilda akachukua kipande cha boksi la kanga, akabandika nyuzi za sufu kwa gundi: nyembamba kwa mistari myekundu, nene kwa ya bluu. Cornel akaweka punje tano za mahindi upande mmoja na maharage matano upande wa pili, bila kuhesabu makipa, na kifungo cha shati kikawa kile kitu cheusi. Simu ikasoma tena, polepole safari hii, naye akasogeza punje kwa kidole.

Kuotea kukamjia jioni ile. Ni kule kutangulia: hairuhusiwi mchezaji kuvuka uzi mnene wa upande wa adui kabla ya kifungo chenyewe kuvuka. Kitangulie kwanza, wewe ufuate. Aliipitisha punje mara kumi akicheka mwenyewe. Aisingi nayo akaipata. Ukikipiga kifungo kutoka upande wako, kikavuka katikati na kuupita mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa na mtu, umekosa. Kipenga kinalia, nanyi mnarudishwa kuanzia karibu na goli lenu. Ni adhabu ya mwoga anayebutua mbele ili apumue.

Jumatatu aliingia kantini kama mtu mwenye barua ya kupandishwa cheo. Kishindo cha gongo, ukimya mrefu, mlio wa ubao wa mbali, kipenga.

"Aisingi," alisema kabla ya mtangazaji.

Octavian aligeuka. Wahasibu wawili waliochelewa kula wakageuka pia. Ikatokea tena, akasema tena, ikawa kweli. Akawaeleza kwa nini. Kwa dakika tano hivi watu walimsikiliza kama wanavyomsikiliza kwenye mambo ya Simba na Yanga.

Kisha kishindo kilekile kikaja, ukimya uleule, ubao uleule wa mbali.

"Aisingi."

Kipenga hakikulia. Vyuma viliendelea kukwaruza.

"Imepita, kaka," alisema Octavian. "Wanaendelea."

Dakika moja baadaye ikatokea tena. Kipenga kimya. Mhasibu mmoja akasema labda sheria hiyo imefutwa mchana huu, na kicheko kikazunguka meza zote. Cornel alisukuma sahani, akachukua fimbo yake, akarudi kwenye swichibodi ugali ukiwa nusu.

Mchana ule alimuunganisha mkurugenzi wa wilaya na chumba cha stoo. Katika miaka ishirini na mbili alikuwa hajawahi kukosea namba, na msimamizi wake alimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya upole iliyomuuma kuliko kufokewa. Alikaa na vipokea sauti vya simu masikioni, hakuna mtu anayepiga, akiurudia mchezo akilini. Ubao ulilia. Umbali ulikuwa uleule. Kwa nini mara mbili waachiwe?

Ndipo akakumbuka kwamba kabla ya ile ya kwanza iliyoachiwa kulikuwa na kipenga kingine, na Octavian alisema mmoja wa wekundu amepelekwa kukaa kizimbani kwa kumkwatua mpinzani. Akaitoa simu, akaanza kutafuta. Ilimchukua karibu saa nzima, maana ukurasa ulijaa matangazo na sauti iliyasoma yote, ya viatu na ya mikopo. Mwishoni kabisa, mstari mmoja: timu iliyopungukiwa mtu kwa adhabu inaruhusiwa kubutua mpaka mwisho.

Kesho yake alimwambia Octavian, "Leo sitaki unisimulie chochote. Nihesabie watu tu."

"Kwa nini?"

"Nihesabie tu."

Kazi hiyo ilimchosha Octavian upesi. Wachezaji walikuwa wanaruka ukuta na kubadilishana katikati ya mchezo, hakuna wa kuomba ruhusa, na kila akifika watu wanne, wawili walikuwa wameshatoka. "Hawa hawahesabiki," alilalamika. Cornel akamwambia ahesabu tena. Mara mmoja wa weupe akapelekwa kizimbani, dakika mbili.

"Weupe wangapi, bila kipa?"

"Wanne. Subiri. Ndiyo, wanne. Wekundu watano."

Kishindo, ukimya, ubao. Kipenga kimya. Cornel alisubiri, mikono juu ya meza. Yule wa kizimbani aliporudi na Octavian kuhesabu watano, weupe walibutua tena, na safari hii kipenga kikalia.

"Umeona?" alisema Cornel.

"Nimeona nini?"

Akamweleza. Octavian alisema, "Aa," na kuomba chumvi. Wale wahasibu siku hiyo hawakuwepo.

Ijumaa walikuwepo, pamoja na Seth, kijana mpya wa manunuzi aliyehamia kutoka Iringa. Seth aliuliza huo ni mchezo gani. Octavian akamweleza vizuri kabisa, mistari ya bluu, kutangulia, aisingi, kizimba, neno kwa neno kama alivyoambiwa, na jina la Cornel halikutajwa. Cornel aliendelea kutafuna. Octavian aliposema dakika mbili za kizimbani lazima ziishe zote, Cornel hakuweza kuvumilia.

"Siyo. Waliozidi wakifunga goli, huyo anarudi uwanjani hata kama ni sekunde ya kumi."

"Mzee, kumbe unaona kidogo?" aliuliza Seth, kwa nia njema.

"Sioni kabisa. Niliuliza."

Hasira ilimkaa mpaka saa tisa na nusu alipofunga kazi, na hakujua vizuri anamkasirikia nani. Seth alikuwa mtoto wa watu tu. Octavian hakuiba kitu. Hata hivyo alimwambia Octavian walipokuwa wakingoja gari la wafanyakazi, "Siku nyingine ukisema, sema umeambiwa na nani." Octavian alikiri kwamba hakufikiri, na wakapanda.

Fainali ilichezwa Jumapili saa kumi na dakika kumi. Kantini imefungwa, kwa hiyo Cornel aliifuata kwa simu sebuleni, boksi la kanga mapajani, akisogeza kifungo kadiri alivyoweza. Vipenga vingi alivielewa. Vitatu au vinne havikumwingia kabisa, akavikariri ili avitafute. Kipindi cha tatu, wamefungana mbili kwa mbili, zimebaki dakika nne, sauti ikakatika. Bando lilikuwa limeisha.

"Hilda, simu yako."

Hilda alikuwa jikoni, mikono ina unga. Akanawa, akaitafuta simu, akaikuta chini ya vitambaa, akahangaika kuipata chaneli yenyewe huku Cornel akimwambia fanya haraka. Ilipofunguka, vyuma havikuwa vinakwaruza tena. Watu walikuwa wanapiga kelele na muziki unalia.

"Nani kashinda?"

"Wanakumbatiana. Wameshika bendera."

"Ya nchi gani?"

Hilda aliisogeza simu karibu na uso. "Siijui hii," alisema. "Ngoja waigeuze."