Fidia ya Mashua ya Baba

Wareno waliikamata mashua ya baba kwenye mlango wa Ruvuma, vita vya uhuru vya ng'ambo ya mto vilipopamba moto. Ilikuwa imebeba makopa ya muhogo kutoka Mahurunga, na nahodha alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Maji yalipokupwa ikakwama kwenye fungu la mchanga. Askari wakamchukua yeye na chombo.

Mashua waliifunga ukingo wa pili, tukiiona, wakaifanya shabaha. Tukiwa shambani tukisikia milio, mama alikuwa akisema, "Hiyo yetu hiyo."

Baba alikuwa amesikia kwamba serikali zikikamatiana vyombo hulipana fidia. Akaenda mjini, nami nikafuatana naye. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa bara.

"Mzee, sisi na Wareno hatuna hata ubalozi. Dai lako nani alipeleke? Papa wa Roma?"

Wenzake wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, akipangusa jasho. Siku ile nilimchukia baba kuliko yule afisa.

Alirudi tena na tena, mpaka wakamwambia dai litapelekwa kupitia nchi ya tatu, ila alete shahidi aliyekuwepo.

Mjomba alitokea msimu wa korosho, kwa miguu, mkono wa kulia hauna kucha hata moja. Usiku hakulala. Kulipokucha baba alikuwa ameshavaa kanzu.

"Shemeji, twende ukaseme uliyoyaona."

"Mwache angalau apone!" mama alisema.

"Akipona wataamini nini?"

Wakaenda. Afisa aliutazama ule mkono, akauliza, "Wenzako wanauawa kule. Wewe wamekuachia kwa nini? Wamekutuma nini?"

Jioni baba alirudi peke yake. Mama akamzuia mlangoni.

"Ndugu yangu yuko wapi?"

"Wanamhoji kidogo tu."

Huko kuhojiwa kidogo kulipita masika nzima. Mwishowe afisa alimwambia baba kwamba dai ndilo linalomponza shemeji yake. Lisipokuwepo, hakuna kesi. Baba akatia dole gumba kwenye karatasi iliyosema kwamba mashua ilizama yenyewe, kwa uzembe wa nahodha.

Mjomba alifunguliwa siku ileile. Alipita mbele ya baba bila salamu, akashika njia ya Ziwani, kwa ndugu zao yeye na mama. Mama alifunga mkeka wake na sufuria mbili, akamfuata. Mimi niliachwa nimpikie baba. Kila nilipomtengea chakula aliniuliza kama mama ameleta salamu. Hakuleta.