Sentimita Tatu Alizozikataa Milimita

Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia gerejini. Sote tulimwita Milimita, kwa sababu mtu yule hakuwa na kitu cha "karibu karibu." Ukimwambia mnyororo umelegea kidogo, anakuuliza kidogo kiasi gani, na hapo rula imeshatoka mfukoni. Mimi nauza betri chumba cha pili. Ukuta baina yetu ni wa mabati, kwa hiyo haya mengine niliyaona, mengine niliyasikia bila kupenda, na yaliyobaki alinieleza mwenyewe.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, aliyefanya kazi ya kutoa watu damu katika maabara ya hospitali. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Watoto walifika wakipiga kelele, sindano ikaingia na kutoka wao bado wanasubiri kuchomwa. Kimo ndicho alichonyimwa. Kaka yake alimwita Nusu tangu utotoni, na wateja wakiuliza nusu ya nini, alijibu, "Nusu ya ngazi." Watu wakicheka, naye Nusu alicheka.

Pikipiki alifundishwa na huyo huyo kaka yake. Alizipenda kupita kiasi, hasa zile za mbio zenye tangi la kulalia na kiti kilichoinuka nyuma. Baada ya miaka mingi ya kujibana alinunua moja, nyekundu, ya mkono wa pili. Milimita aliikagua siku nzima na hakuona kasoro. Tatizo lilikuwa moja tu: Nusu akikaa, ni ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja iliyogusa chini.

"Kaka, nishushie," alisema. "Sentimita tatu tu, nikanyage."

"Walioitengeneza hawakubahatisha. Ukiishusha utakwaruza lami kwenye kona. Vaa viatu vya soli nene."

"Nimevaa, si unaviona?"

"Basi refuka."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Safari hii Nusu hakucheka. Nilikuwa mlangoni na betri mkononi, nikamwona anavyofunga zipu ya koti lake taratibu mpaka kidevuni.

Aliomba tena, na tena. Mama yao akaingilia kati: "Watu baki unawafanyia kila wanachotaka, mdogo wako ndiye unamkatalia?"

"Namkatalia kwa sababu ni mdogo wangu, Mama."

Alikuwa anasema kweli, lakini si kweli yote. Baadaye aliniambia kwamba kuishusha kungewezekana bila madhara, ila kazi yake ni ndefu: ukishusha nyuma, lazima na mbele ishuke kwa kipimo chake, stendi ikatwe, kila kitu kipangwe upya. Alikuwa ameshasema hapana mbele ya watu, na kurudi nyuma kulimshinda.

Nusu akaenda kwa fundi mwingine, ng'ambo ya mji. Yule alimaliza kazi asubuhi moja. Alifunga vyuma virefu zaidi pale shokapu ya nyuma inapojishikiza, nyuma ikashuka. Mbele hakugusa. Nusu akamtumia kaka yake picha ya viatu viwili vimekanyaga chini, pikipiki ikiwa katikati, akaandika: "Nimerefuka."

Milimita aliitazama picha ile, akaweka simu mfukoni, akaendelea kusafisha kabureta.

Siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, barabara kavu, Nusu aliingia mzunguko wa barabara kwa mwendo wa kawaida kabisa. Pikipiki ikakataa kukata kona. Aliilaza, ikazidi kwenda nje, ikagonga ukingo wa barabara. Aliangukia mkono wa kushoto. Mifupa ya kifundo ilisagika. Alipasuliwa mara mbili, akawekewa chuma, na mwisho wa yote mkono ukabaki haukunjiki na vidole havifumbiki. Hospitali ikamhamishia dirisha la mapokezi, kuandika majina ya wagonjwa kwa mkono wa kulia.

Milimita aliileta pikipiki gerejini kwa gari la mizigo. Akawarudisha wateja siku nne nzima. Alichukua kiatu cha Nusu nyumbani kwa mama yao ili apime nacho. Alishusha nyuma, akashusha mbele, akapima, akafungua, akapima tena. Alikata stendi akaichomelea upya. Sponji ya kiti aliichonga kwa kisu, kipande kidogo kidogo, kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Sijaona kazi safi kama ile.

Jumapili asubuhi Nusu alikuja na mama yao. Akapanda. Miguu yote miwili ikatua bapa. Milimita alipiga magoti akapitisha vidole kando ya soli, kwanza kushoto, kisha kulia.

"Umekanyaga," alisema.

"Nimekanyaga, Kaka."

Halafu, kwa mazoea tu, mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye klachi. Vidole vikazunguka nusu ya njia vikasimama. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, meno yameuma mdomo. Mama alijigeuza akawa kama anakagua matairi yaliyotundikwa.

Milimita alikuwa bado yuko magotini. "Nilipima miguu," alisema. "Mkono sikuukumbuka."

"Si kitu."

"Si hilo tu. Ile picha yako. Niliona mbele imebaki juu. Nilijua itakusumbua kwenye kona, nikanyamaza. Nilitaka uje mwenyewe useme nilikuwa sahihi."

Nusu akaiachia klachi. "Ulijua?"

"Nilijua."

Alishuka polepole, akijishikilia kwa mkono wa kulia. "Mama, twende."

Miezi saba hakukanyaga gerejini. Walikutana kwa mama yao, naye alimwambia, "Shikamoo, kaka," kwa adabu kamili, yeye aliyezoea kuingia akipiga kelele, "We Milimita, uko wapi!" Milimita aliniambia heri angetukanwa. Pikipiki iliuzwa kwa mwalimu mmoja mfupi, kwa agizo la Nusu mwenyewe lililoletwa na mama.

Kisha siku moja, mchana, alitokea tu. Akaketi juu ya sanduku la spana, akauliza kama kuna chochote cha kula. Milimita akagawa chakula chake. Pikipiki haikutajwa. Tangu hapo huja mara moja moja, wanakula, wanazungumza habari za mama na miguu yake inayovimba. Kicheko cha zamani sijakisikia.

Juzi alisema hospitali imempa kazi ya kuwaelekeza wanafunzi wapya wa maabara. Anasimama nyuma yao, anawaonyesha mshipa ulipo, wao ndio wanaochoma.

"Wengine wana mikono mizito, Kaka," alisema. "Mtoto analia, natamani nimnyang'anye mtu sindano."

Milimita aliinuka. Alikwenda bombani nje, akafungua maji, akanawa mikono ambayo haikuwa na grisi.