Mwanamke wa Miguu ya Kinyume

“Basi vaa vyote vinne,” alisema Mama Michuchumio. “Viwili mbele, viwili nyuma, ukapokee cheo chako kama ng'ombe.”

Mdogo wake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu mitupu juu ya zulia, na mbele yake viatu vinne vyekundu vimepangwa kama mashahidi wanaosubiri kuitwa. Jozi mbili za mtindo mmoja, kutoka duka moja la mtandaoni: moja saizi thelathini na saba, nyingine thelathini na tisa. Maana huyu mdogo mtu, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa arobaini ameshaipita, alipata homa kali utotoni, na homa ilipoondoka mguu wa kushoto ukasahau kukua. Kushoto thelathini na saba, kulia thelathini na tisa. Ukikutana naye barabarani hujui. Dada mtu ndiye aliyehakikisha hujui.

Sasa Kitinda alikuwa amefanya hesabu yake kimyakimya. Ataagiza jozi mbili kwenye simu, achukue cha kushoto katika jozi ndogo, cha kulia katika jozi kubwa, na habari imekwisha. Hesabu ilikuwa safi. Mzigo ulipofika, jozi ndogo ilikuwa nyekundu ya nyanya, jozi kubwa nyekundu ya ini, na kisigino cha hii kimezidi cha ile kwa upana wa kidole. Alipovaa akawa kama meza iliyowekwa mteremkoni. Akamwandikia muuzaji. Muuzaji akamjibu kwa picha ya ua. Akaandika tena, akajibiwa kwa picha ya mikono miwili iliyounganishwa. Mara ya tatu akakuta ameshafungiwa njia, hata ua hapati.

Na sherehe ni kesho saa tatu asubuhi. Kitinda, karani wa mapokezi hospitalini kwa miaka kumi na saba, anafanywa msimamizi wa mapokezi yote. Atainuka kwenye kiti chake mbele ya madaktari, wauguzi na wafagiaji, atatembea hatua kumi na nne hadi jukwaani. Alishakwenda kuzihesabu. Katika jengo lile hakuna hata mtu mmoja anayejua habari ya miguu yake, na alikuwa radhi cheo kipotee kuliko ijulikane. Shuleni walikuwa wakimwita Jozi Mbovu. Jina hilo alilikimbia miji miwili.

Lakini hasira ya Mama Michuchumio haikuwa ya viatu. Mwanamke yule alianza biashara kwa kutandika gunia chini na viatu saba vya mtumba, kimoja hakina mwenzake, na hicho ndicho alichokiuza kwanza. Leo ana chumba chembamba kati ya duka la dawa na mahali pa kutoa nakala, rafu hadi darini, kioo kimeinamishwa kiishie magotini kwa sababu, alisema, uso wa mteja humdanganya na miguu haijui kudanganya. Watu walisimulia kwamba aliweza kusikia mtu anapita nje akataja saizi yake, na kama ana deni, na kama ametoka kugombana na mawifi. Wengine waliongeza kwamba aliwahi kumuuzia mtu kiatu kwa kusikia kikohozi tu, na kikamkaa.

Sasa wateja haohao walikuwa wakija kwake kupima. Wanavaa, wanazunguka mbele ya kioo, wanauliza hiki ni ngapi, wanashukuru, wanatoka, na kabla hawajafika kwa muuza dawa wameshaagiza kwenye simu. Kiatu kikija kinabana, wanamrudia awatanulie. Hayo aliyavumilia kama mtu anavyovumilia nzi. “Kiatu si picha,” aliwaambia. “Picha haibani.” Walicheka, wakaacha viatu vyao vitanuliwe.

Ila Kitinda. Na jinsi alivyojua ndiyo iliyomchoma zaidi. Wiki iliyopita mleta mizigo wa pikipiki alisimama mlangoni pake, maboksi mawili mgongoni, hajui nyumba. Akamsomea jina. Mama Michuchumio akamwelekeza: kata kulia, geti la bluu. Akampa na maji ya kunywa. Pikipiki ilipoondoka ndipo akili ikamwambia maboksi ya umbo lile hubeba nini.

“Mimi mwenyewe,” alisema sasa, akiwa ameshika kiuno. “Kwa kidole changu hiki. Nimemwonyesha njia mtu anayekwenda kunivunjia heshima, na maji nikampa.”

Kitinda akasema hakuna aliyevunjiwa heshima, amenunua viatu tu kwa mshahara wake. Dada akasema hata mwizi hutumia mikono yake. Kitinda akasema kule ofisini kila mtu hununua kwenye simu, maboksi yanafika mapokezini, wanafungua pamoja, wanashangilia, na yeye miaka yote ndiye anayesaini kupokea maboksi ya wenzake. Dada akamuuliza kama kesho atatembea kwa kushangiliwa au kwa viatu. Maneno yakapanda, yakashuka, yakarudi yalikoanzia, hadi Kitinda akalitoa lililokuwa limemkaa rohoni.

“Nimechoka kuchaguliwa, dada. Tangu nianze kazi sijawahi kuvaa kiatu nilichokichagua mimi. Kila mara ni huyo mwenzangu wa ng'ambo ya daraja. Nikitaka chekundu, hapendi chekundu. Nikitaka cha kamba, ana vidonda vya tumbo hawezi kuinama kufunga kamba. Nimevaa roho ya mtu nisiyemjua.”

Hapo Mama Michuchumio akafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Habari ya huyo mwenzake Kitinda wa ng'ambo ya daraja ilikuwa hivi. Miaka kumi na saba iliyopita, Kitinda alipopata kazi, alikataa katakata dada yake amvunjie jozi. Kuvunja jozi ni kutoa kushoto cha saizi hii na kulia cha saizi ile, na duka linabaki na viwili visivyooana, vya kutupa. Kitinda alisema bora avae ndala kuliko kumtia dada yake hasara. Ndipo dada, bila kupepesa jicho, akamwambia asiwe na wasiwasi: ana mteja mwingine, anakaa ng'ambo ya daraja, mguu wake wa kushoto ni thelathini na tisa na wa kulia thelathini na saba. Kinyume chake kabisa. Vitakavyobaki atachukua yeye.

Kitinda siku ile alilia kwa furaha. Kumbe hayuko peke yake duniani.

Mwanamke huyo hakuwepo. Hajawahi kuwepo. Lakini uongo ukishazaliwa unataka kunyonya. Kitinda aliuliza habari zake kila alipokuja, na dada ilimbidi ajibu, kwa hiyo mwanamke wa ng'ambo akapata mume, mume akawa mlevi, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena. Akapata watoto watatu. Wa pili alizaliwa kwa shida, na Kitinda akamfumia mtoto shali. Mwaka jana, siku Mama Michuchumio alipokosa la kusema, mwanamke akapata vidonda vya tumbo. Na viatu vyote, kushoto thelathini na tisa na kulia thelathini na saba, vilikwenda chumba cha nyuma, juu kabisa, vikafunikwa shuka.

Hata leo, pamoja na hasira yote, jozi ilikuwa tayari. Tangu mwezi uliopita, aliposikia habari ya cheo, alivunja michuchumio ya bluu nzito, ngozi laini, visigino vya kusimama navyo mtu akasikilizwa. Ilikuwa chini ya meza, kwenye karatasi yake. Angeitoa. Alitaka tu mdogo wake aombe kwanza, na aombe sana.

“Huyo mwenzako amekasirika,” alisema. “Nimemwambia umenunua kwenye simu. Amesema na yeye basi tena. Sasa nikuvunjie jozi nimpe nani?”

“Nipe namba yake nimwombe radhi.”

“Hana simu.”

“Juzi umeniambia alikupigia.”

“Imeibiwa.”

“Basi niende kwake. Nimpelekee na hivi viwili vyekundu vya kinyume, vimfae nyumbani.”

“Amehama.”

“Lini?”

“Leo asubuhi,” alisema Mama Michuchumio, na akawa mkali zaidi, kama afanyavyo mtu aliyeona ukuta nyuma yake. Akamwambia aache kumsumbua mgonjwa, afikirie miguu yake. Kitinda akasema vizuri, hataomba kitu. Ataweka soli ya sponji ndani ya kile chenye kisigino kifupi vilingane, na rangi Mungu atajua. Akauliza sponji ziko wapi. Dada, ambaye wakati huohuo alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta lile boksi la bluu, maana moyo wake ulikuwa umeshaanza kulegea, akajibu bila kufikiri kwamba ziko nyuma, juu.

Aliposikia pazia limevutwa ndipo alipojigonga kichwa kwenye meza.

Hakukimbia. Alisimama na boksi mkononi akisikiliza. Alisikia kigoda kikiburuzwa. Alisikia shuka likianguka. Kisha maboksi yakifunguliwa, moja, jingine, jingine. Mtu aliyeweza kutaja saizi ya mpita njia alizisikia nyayo za mdogo wake sakafuni, ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, zikienda na kurudi, na hakuweza kusema zimebeba nini.

Kitinda alitoka na mzigo kifuani. Akaanza kuviweka chini kimoja kimoja. Vya kijani, wenza wa vile alivyovaa siku ya kwanza kazini. Vyeupe vya harusi yake. Vyeusi vya msiba wa baba yao. Vya kahawia, vya mwaka ule alioachika. Maisha yake yote yalikuwa pale, yamegeuzwa, kushoto kuwa kulia, na soli safi hazijakanyaga hata hatua moja. Juu yake akatupa shali ya mtoto, ingali imekunjwa alivyoikunja yeye.

“Ana watoto watatu,” alisema.

Mama Michuchumio akasema alikusudia kumwambia.

“Nimemwombea apone vidonda vya tumbo, dada. Mwaka mzima. Nimefunga kula kwa ajili yake siku ya kwanza ya kila mwezi.”

“Kufunga hakujamdhuru mtu.”

Lilikuwa neno baya, na alilijua lilipokuwa bado mdomoni. Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja kwa kishindo. Hasira zake hazikuwa za kelele kama za dada yake. Zilikuwa za mapokezini, za mtu aliyezoea kumwambia mwenye kuipiga meza makofi akae kwenye foleni. Akasema aliposhindwa kulala baada ya kuachika, alikuwa akijiambia kuna mwenzake ng'ambo ya daraja ana mume mbaya kuliko wake na bado anatembea. Akasema siku zote aliingia duka hili akijua anafanya biashara, ananunua kama watu wengine, mtu mwingine ananunua nusu ya pili. Kumbe alikuwa akipewa sadaka, na sadaka yenyewe inafunikwa shuka.

Dada naye akachemka. Alitaka afanye nini, amwache aende ofisini na ndala? Au amjaze matambara kwenye kiatu kama alivyofanya mama, kimtoke mbele ya watoto wa shule? Nani aliwafukuza wale watoto kwa ufagio? Akasema viatu vyote hivyo angeweza kuviuza kwa watu wenye miguu ya adabu, na hajawahi kulalamika, na malipo yake ni kumwelekeza mtu wa pikipiki geti la bluu. Akaliweka boksi mbele yake, akalifunua kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

“Hivi hapa. Vaa, uende zako, uendelee kunikasirikia huko jukwaani.”

Kitinda aliviangalia. Vilikuwa vizuri, na hilo likamkasirisha zaidi.

“Sivai. Nitakwenda na ndala. Kila mtu aone, na akiniuliza nitamwambia dada yangu amefunga kiwanda cha uongo, viatu vimekwisha. Kabla sijaondoka nijibu kitu kimoja, na uniangalie usoni, usiangalie miguu. Miaka kumi na saba yote hiyo, ulikuwa unanionea huruma, au ulikuwa unaona ai—”

“Hodi wenyewe. Kumbe ndipo unapojificha, msimamizi wetu?”

Mlangoni alikuwa amesimama karani wa dirisha la malipo wa hospitali ileile, mwanamke wa macho mepesi, ambaye jambo likimwingia sikioni saa sita, saa saba linajulikana hadi jikoni kwa wapishi. Miguu ya Kitinda ilikuwa wazi juu ya zulia, mmoja mfupi, mmoja mrefu, imezungukwa na viatu vya kinyume pande zote.

Mama Michuchumio hakufikiri. Mwili wake mzima, ambao kwa kawaida ulihitaji dua kuinuka na dua kukaa, ulishuka kwenye kigoda cha kupimia mbele ya mdogo wake, gauni lake pana likatandazika hadi ukutani, likameza miguu, boksi, vya harusi, vya msiba na shali.

“Karibu mama, karibu sana,” alisema, sauti yake asali tupu. “Tunapanga mzigo. Simama hapo hapo kwenye mwanga, nikutazame. Wewe ni thelathini na nane, tena wewe ni mtu wa kisigino chembamba. Ulikuwa wapi siku zote?”

Mgeni akacheka, akainua mguu wake mwenyewe kuutazama, akauliza amejuaje. Nyuma, ndani ya gauni, karatasi ya lile boksi la bluu ikachakarika kidogo, ikatulia, ikachakarika tena. Kisha Mama Michuchumio akapigwa teke la kiunoni, zito, la mtu ambaye hajamaliza maneno yake. Hakugeuka. Lilikuwa la mguu wa kulia, na lilikuwa na kisigino.

“Na rangi, mama?” alimwuliza mgeni. “Niambie rangi.”