Calist na CD ya Bi Mwanamvua

Nyumbani kwetu Mlandizi dawa ya meno haikai, na si kwamba tuna meno mengi kuliko watu wengine. Ni mume wangu, Calist. Mtu akimletea CD inayokwama au kuruka, basi anachukua ile dawa nyeupe niliyonunua mimi, anaipaka, anasugua, anaosha kwa maji ya sabuni. Kuna siku nilimfokea mpaka jirani akachungulia. "Watoto wapige mswaki kwa kitu gani sasa? Kwa mkaa?" Hata kichwa hakuinua. "Mkaa nao unasafisha, mama Anjela." Mwanaume huyu!

Kazi yake hasa ni uashi. Mikono imekakamaa kwa saruji, lakini akishika CD utadhani kapewa mtoto mchanga. Vijana wanamcheka, eti siku hizi ni flashi na simu, hizo CD akazitundike shambani zitishe ndege. Na yeye anacheka nao. Ila wanaokuja kwake wanaleta vitu ambavyo flashi haina: kipaimara cha mtoto, kwaya ya parokia, harusi za watu walioachana zamani.

Jumatano moja ikasimama bajaji mlangoni. Akashuka Salama wa Gwata, akamshusha mama yake taratibu, Bi Mwanamvua. Masikini, nilimkumbuka huyu mama! Ngoma ya kumtoa mwali bila yeye kuimba haikunoga. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande mmoja, kikaondoka na maneno yote. Tukamkalisha kwenye mkeka. Mkono wake mzima ulikuwa umekumbatia CD kifuani.

"Shikamoo mama," Calist akasema. Akajibiwa kwa kichwa.

Salama akaeleza. Jumamosi binti yake, Kudra, anatolewa. Na ukoo wao una wimbo wa kutaja mabibi, mmoja mmoja, kuanzia wa zamani kabisa mpaka kwa mwali mwenyewe. Alipotolewa Salama, mama yake ndiye aliyeuimba, wakarekodi.

"Mimi nawajua wawili watatu tu, kaka. Wengine wote anao mama, na mama ndiyo huyo. Wamebaki humu kwenye CD. Sasa mwanangu atoke bila mabibi zake, atatoka kama nani?"

Calist akanyoosha mkono. Bi Mwanamvua hakuachia. Calist akachuchumaa mbele yake. "Mama, nitakurudishia mwenyewe, mkononi mwako." Yule mama akamkazia macho weee, halafu akaachia.

Mume wangu akaigeuza, akaguna. "Nani kaisugua hivi?"

"Mimi," Salama akasema akiangalia chini. "Ilikuwa inaruka, nikaona ni uchafu. Nikachukua majivu."

"Majivu!" Mdomo wangu nao haujui kungoja. "Dada, ilikuwa sufuria hiyo? Ungemalizia na mchanga basi!"

Akaanza kulia. Nikajisikia vibaya, jamani. Nikaenda kumletea maji ya kunywa, nikakaa naye karibu.

Kumbe majivu hayakuwa shida kubwa. Upande wa juu, pembeni kabisa, palikuwa na maandishi ya msumari: MWANAMVUA. Salama akasema mama aliiandika mwenyewe, maana watu walikuwa wanakuja kuiazima na kuirudisha hawataki. Si wanasema kukopa harusi, kulipa matanga? Akaweka jina lake mtu asije akasema ni yake.

Calist akaiinua dirishani. Mwanga ukapita kwenye zile herufi, nikazisoma moja moja nikiwa nimekaa. Uso wake ukanywea.

"Sauti haikai huku chini panapong'aa," akasema polepole. "Inakaa juu, kwenye hii rangi. Mikwaruzo ya majivu nitaitoa. Lakini hapa kwenye jina rangi imebanduka na sauti imeondoka nayo. Hapo sina dawa. CD inaanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo kitakachokosekana ni mwisho."

"Wimbo wa mabibi ndio wa mwisho," Salama akasema.

Calist akaanza kazi. Kitambaa cha pamba, kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, moja kwa moja. Kuzungusha ni mwiko, ukizungusha umeiua. Anaosha, anaitazama, anapaka tena. Dawa ikaisha. Safari hii dukani nilikwenda mwenyewe kununua nyingine, wala sikununa.

Jioni akaiweka kwenye deki. Salama akawasha simu arekodi. Nyimbo za mwanzo zikapita, ngoma zikabadilika, halafu, Mungu wangu, sauti ile! Sauti ya huyu huyu mama aliyekaa kwenye mkeka wangu, imejaa chumba.

"Siwema yuko wapi?"

"Yupo!" umati ukaitikia.

"Mwamvita yuko wapi?"

"Yupo!"

Marehemu watupu, na wote wapo. Jina likafuata jina, mengine Salama hajawahi kuyasikia tangu azaliwe. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Bi Mwanamvua alikuwa amefumba macho.

"Chausiku yuko wapi?"

"Yupo!"

Hapo deki ikakwaruza, ikasimama. Calist akajaribu tena, ikasimama palepale.

"Chausiku ni bibi, mzaa mama," Salama akasema. "Baada yake ni mama mwenyewe."

Calist akaitoa CD, akaifuta, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama kama alivyoahidi. Bi Mwanamvua hakuitazama. Aliiweka chini, akapiga mkeka kwa mkono wake mzima. Akapiga tena, mapigo yale yale ya ngoma, macho yake kwa binti yake.

Salama akaelewa. Akaimba: "Mwanamvua yuko wapi?"

Mdomo wa yule mama ukahangaika, hakikutoka kitu. Sikuvumilia. Mimi Yasinta, Mkatoliki wa watu, wimbo si wa kwetu, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia tena: "Yupo!"

"Yupo!" Calist naye akaitikia.

Mkono ukaendelea kupiga mkeka. Salama akavuta pumzi, akalitaja jina lake mwenyewe, kisha la Kudra.