Watoto wa Saa Ine

Tarehe 17 mwezi wa tano, 1956. Ukungu tangu juu mpaka Sake. Goma jua kidogo, vumbi nyeusi imelala kwa sababu mvua ilinyesha usiku.

Hivi ndivyo nilivyoandika katika kaye yangu, daftari langu, siku ile, na chini yake hakuna kitu. Ukurasa wote ni mweupe. Nimejaribu mara mbili kuujaza, nikaona ninaongeza mambo ambayo siku ile sikuyaona, nikaacha. Leo ninajaribu tena. Mimi nilisoma miaka mitano ya shule na miwili ya kujifunza ualimu, basi kama kuna mahali nitasema vibaya, ni kwa sababu hiyo.

Nilikuwa mwalimu wa kijiji kimoja cha juu kabisa, katika milima ya nyuma ya Sake. Kamio ya mizigo inakuacha barabarani, halafu unapanda kwa miguu tangu jua kutoka mpaka karibu saa nane. Bibi yangu na watoto walibaki Goma, katika nyumba yetu ya mbao kule Birere, maana mutoto wetu wa mwisho alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kule juu hata maji ya kunawa yanauma. Nilikuwa ninashuka kuwaona mara moja kwa mwezi.

Shule ilikuwa nyumba moja ya miti na udongo, paa la majani. Aliyewasimamia watu waijenge ni kapita, mukubwa wa kijiji, muzee mufupi mwenye koti la zamani la polisi. Hakusoma hata siku moja. Lakini mulango wa shule aliubeba yeye mwenyewe mgongoni kutoka Sake, na ulikuwa mulango wa kwanza wa mbao katika kijiji kile. Nyumba nyingine zote, hata ya kwake, zilifungwa kwa mukeka.

Nilimuuliza siku moja juu ya nini aliitaka shule namna ile. Akaniambia mutoto wake wa kiume anafanya kazi mbali, katika mashamba ya kahawa, na anatuma barua. Zamani kila barua aliishusha mpaka Sake, karani wa duka amusomee.

"Na yule karani anasomaka na sauti sawa padri wa misa," akasema. "Duka muzima wakajua mutoto wangu anaharisha."

Sasa barua zilisomwa na mujukuu wake, binti wa huyo mutoto, aliyekuwa katika kalasi ya pili. Alizisoma polepole, karibu na moto, na kuharisha kwa baba yake kulibaki ndani ya nyumba.

Sheria ya shule zote za misioni ilikuwa moja: masomo yanaanza saa mbili. Walinipa saa ya mukono kwa kazi hiyo. Kila asubuhi, saa mbili kamili, niligonga chuma cha gurudumu la kamio kilichoning'inizwa kwenye muti. Ila kule juu, saa mbili, kwa ukungu, ukinyoosha mukono huoni vidole vyako vizuri. Na watu wa kule wana desturi yao: mutoto hatoki nyumbani mpaka nyumba ya ng'ambo ionekane. Kati ya vilima kuna mabonde makali na njia za utelezi, na mwaka mumoja mbele ya kufika kwangu mama mumoja mwenye muzigo wa kuni alianguka, akapatikana kesho yake. Basi kila mama anasimama mulangoni, anangoja. Akiiona nyumba ya ng'ambo anapiga ukelele, mama wa ng'ambo anajibu, na watoto wanatoka pande zote mbili. Nilikuwa ninasikia makelele yale nikiwa shuleni: moja, kimya, jingine mbali zaidi. Mara nyingi ilikuwa saa ine.

Watoto walikuja kila mumoja na kigae chenye kaa la moto kutoka nyumbani, wakaweka makaa yao pamoja katikati ya kalasi. Bila moto ule hakuna aliyeweza kukaa.

Mwanzoni nilifuata nilivyofundishwa, kuandika kwanza, hesabu baadaye. Chaki ilikuwa inawatoka mikononi. Yule mujukuu wa kapita akaniambia, "Mwalimu, mikono bado imelala." Watoto wakacheka, nami nikafikiri ananichezea, nikamusimamisha pembeni. Haikuwa haki. Nilipojaribu mwenyewe kuandika ubaoni, herufi zangu zilikuwa mbaya kama zao. Tangu siku ile tulianza kwa kuimba na kuhesabu kwa sauti, mikono katika kwapa, kisha kusoma, na kuandika mwisho kabisa. Na badala ya kufunga saa sita tulifunga saa tisa. Mwisho wa mwaka wa kwanza, kumi na tisa waliweza kusoma ukurasa bila kufuata kwa kidole. Niliwajaribu kila mumoja mara mbili, nisijidanganye. Sisemi ni kazi yangu. Mimi nilibadilisha saa tu, na hata hilo nilifundishwa na mutoto.

Sasa rejista. Rejista ya shule ilikuwa na nafasi moja kwa kila siku, na juu ya ukurasa iliandikwa: waliopo saa mbili. Niliandika waliokuwapo saa mbili. Wane, watatu, siku nzuri sita, wale wenye nyumba karibu kabisa na shule. Halafu jioni, katika kaye yangu mwenyewe niliyoinunua Goma, niliandika hali ya mbingu, majina ya waliofika baada ya ukungu kuondoka, na idadi yao. Thelathini na mumoja. Ishirini na tisa. Thelathini na mumoja.

Kapita aliniona nikiandika, siku moja.

"Mwalimu, leo umeandika bangapi?"

"Wane, papa kapita."

"Bane! Na hii makelele yote ndani ya nyumba ni ya batoto bane?"

"Saa mbili walikuwa wane."

"Na hawa bengine njo mbuzi?"

"Nikiandika walikuwako saa mbili, ni uongo."

"Sasa unaandika habako, na bako. Ile njo nini?"

Niliandika wane.

Mwezi wa tatu wa 1956 padri musimamizi wa shule alipanda mwenyewe. Nataka kusema haki yake: hakuna mukubwa mwingine aliyewahi kupanda mpaka pale. Alilala kijiji cha chini, akatembea gizani, akafika saa mbili kasoro na kiatu kimoja kimepasuka. Nikagonga chuma. Akawakuta watoto wane na mimi. Alingoja karibu na moto mpaka saa tatu, anatazama ukungu mulangoni. Nilimuambia wengine watakuja. Akasema, "Unasema." Hakusema kwa ubaya. Lakini alikuwa na shule nyingine ya kutazama siku ileile, akashuka. Baadaye watoto wa kwanza walimuambia kapita kwamba walikutana na padri njiani, ila katika ukungu uliobaki bondeni aliwadhani wachunga kondoo, na wao walijificha kwa kumuogopa.

Halafu ikaja barua: nilete rejista Goma, itazamwe kama shule itaendelea. Kapita akasema atashuka na mimi. Hakuniuliza. Asubuhi ya safari nilimukuta tayari njiani, na gunia la viazi kichwani.

"Ni ya padri," akasema. "Lakini kiisha. Akikubali shule, njo nitamupa. Mbele ya pale atafikiri ninamununua."

Tulilala Sake, na asubuhi ya tarehe 17, katika kamio, dereva alitaka gunia liwekwe chini ya miguu ya watu. Kapita akakataa, akalipakata kama mutoto.

"Muzee, hiyo unapeleka kubatizwa?" dereva akapiga kelele, na kamio nzima ikacheka.

"Endesha mutumbwi yako," kapita akajibu. "Hii iko na akili kukupita."

Walicheka mpaka karibu na ziwa la Lac Vert. Mimi pia nilicheka, nakumbuka. Kaye yangu ilikuwa katika mufuko wa koti. Nilikuwa na mazoea ya kutembea nayo.

Bironi, katika ofisi ya misioni, padri alitupa viti sote wawili, kitu ambacho si kila muzungu wa wakati ule angefanya. Akafungua rejista, akapitisha kidole mwezi kwa mwezi.

"Wane. Watatu. Wane. Mwalimu, hii ni kweli?"

"Ni kweli, padri."

"Niko na shule huku yenye watoto sitini kwa mwalimu mumoja. Nikuache kule na wane? Wewe ungefanya nini?"

Nilifikiri juu ya wale sitini. Nikaona ana haki.

"Wanakuja saa ine," nikasema.

"Imeandikwa wapi?"

Niligusa mufuko wa koti.

"Una karatasi nyingine ya shule?"

"Hapana, padri."

Nimelirudia jibu lile mara nyingi. Aliuliza karatasi ya shule. Kaye ilikuwa yangu, yenye makosa ya kuandika, yenye mambo ya mvua na ya mutoto wangu kukohoa. Hakuna muhuri. Hakuna aliyeniagiza kuiandika. Niliona haya kuitoa mbele ya mutu aliyesoma. Sijui kama nilijibu swali lake au nilijificha nyuma ya swali. Kapita alikuwa anatazama mufuko wangu. Hakusema neno, kwa sababu alikuwa mutu wa heshima, na aliyesoma hapo kati yetu wawili ni mimi.

Padri akaandika ukurasa mumoja, akatia sahihi, akamupa karani wake. Shule itafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Akatupa mukono wa kwaheri.

Nje tulikaa juu ya mawe meusi ya volkeno, yale yaliyojaa Goma yote. Gunia lilikuwa kati yetu.

"Ile ya mufuko," kapita akasema, "haina batoto ndani?"

"Iko nao."

"Bote?"

"Wote."

"Na mujukuu wangu?"

"Kila siku. Alikosa mbili tu."

Alitoa tumbaku, akaitazama, akairudisha.

"Rudi mule," akasema.

Sikurudi pale pale. Nilisema padri anakula sasa, tungoje. Ilikuwa kweli, kengele ya chakula ilikuwa imelia. Lakini pia nilikuwa ninaogopa. Nilirudi saa nane, peke yangu.

Padri aliichukua kaye, akaisoma kutoka mwanzo. Hakuruka hata siku moja. Nilisimama nikisikia kurasa. Mahali fulani alitabasamu, nafikiri ni pale penye habari ya mikono iliyolala. Kisha akavua miwani.

"Kwa nini hukunionyesha asubuhi?"

"Si ya shule, padri."

"Ningeandika pembeni. Tazama rejista: pembeni kuna nafasi. Hata wewe ungeandika pale, kila siku. Nani alikukataza?"

"Hakuna."

"Karatasi imeondoka na mashua ya saa sita. Iko njiani kwenda Bukavu, kwa wakubwa wa shule zote."

Akasema ataandika barua nyingine. Ninaamini aliandika, hakuwa mutu wa kusema bure. Jibu lilichelewa sana. Lilipokuja lilisema mambo yatatazamwa mwaka unaofuata, na wakati ule mimi nilikuwa nimeshapewa kalasi kwenye shule ya Goma, upande wa Ndosho, yenye watoto sitini na wawili, ambao wote wanafika saa mbili. Ninaandika rejista yao bila shida. Pembeni kuna nafasi nyeupe, na sina cha kuweka.

Siku ile nilitoka nikamukuta kapita palepale. Nilimuambia mambo yote kama yalivyo, hata ile ya pembeni. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu kama mashua inaweza kuitwa irudi. Nikasema haiwezi.

"Na mulango?" akasema. "Nitaufanya nini ule mulango?"

"Ni wako, papa kapita. Wewe njo uliubeba."

"Nikiutoa ng'ombe wataingia." Akafikiri. "Nitauacha."

Akasimama na gunia lake. Nilimuonyesha nyumba ya mapadri, kama bado anataka kulipeleka. Akatikisa kichwa.

"Ilikuwa ya aksanti," akasema. "Sasa nitamuambia aksanti ya nini? Na si yeye alikosa."

Hakusema nani alikosa. Alilibeba mpaka Birere, na mimi nyuma yake. Hata nilipotaka kumupokea alikataa.

Bibi yangu alitupokea vizuri. Aliona nyuso zetu, akatuvutia viti. Alifungua gunia, akatoa kiazi kimoja, akakipima mukononi. "Vya mulima ni vizito," akasema. Mutoto wetu wa mwisho alimukaribia kapita akashika vifungo vya lile koti la polisi, akavihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kapita alimuacha ahesabu mpaka mwisho, kisha akamuambia aanze tena.

Jioni tulikula viazi vile vya aksanti, vimechemshwa na maganda, na maharagi na chumvi. Kapita alimenya vyake, akavigawa kwa watoto. Mimi nilikula vitatu.