Donge la Mkono wa Kushoto

Mimi ndiye niliyemfunga mdogo wangu mkono kwa kanga ya mama ya kanisani. Nasema mwenyewe, maana yeye akisimulia huongeza chumvi.

Homa ilikuwa imeulegeza mkono wake wa kushoto. Sista wa hospitali ya misheni aliagiza afinyange udongo kwa mkono huo kila siku, la sivyo ungekauka. Mjanja yule akawa anafinyanga kwa wa kulia, tunampelekea sista vikombe vizuri, naye anasifu.

Basi siku ya zamu yetu ya kufukuza ndege kwenye mpunga, nikaufunga ule mkono mzima wa kulia, nikampandisha juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia ndege, na ndoo ya matope.

"Ndege wakila mpunga, mama atatula sisi," nikamwambia.

Alilia, akanitukana kwa Kindamba, kisha akaanza kufinyanga madonge na kurusha. Ya kwanza yalimdondokea miguuni. Moja likavuka mpunga, likatua kwenye shati jeupe la katekista aliyekuwa akipita na baiskeli.

"Nani katupa?"

"Mdogo wangu, mwalimu. Kwa ule mkono usiofanya kazi."

Hakucheka. Alinishika sikio mpaka nyumbani, mdogo wangu akitufuata na kanga mkononi. Mama alitazama doa, akatazama kanga yake, kisha akampa mdogo wangu kidole akibane kwa mkono wa kushoto. Alipobanwa, mama alilazimika kukichomoa kidole kwa nguvu.

"Kafue shati la mwalimu," akaniambia. "Ukimaliza, mfunge tena. Ila si kwa kanga yangu."