Fundi wa Debre Sina aliyemnyima bintiye taa za ukungu

Ayalneh Demissie amelala chali kwenye saruji ya baridi, kichwa kikiwa chini ya bampa na miguu nje mvuani. Mvua haijakatika tangu alfajiri na soksi zake zimelowa chepechepe. Hasemi anataka nini. Ananyoosha mkono tu, na spana namba kumi inawekwa kiganjani.

Anayeiweka ni Emebet, bintiye wa miaka ishirini na sita. Pikapu inayofungwa taa ni yake.

"Unanimulikia mimi au unawamulikia majirani?" baba anauliza kutoka chini.

"Namulika palepale ulipotaka, Baba. Macho yako ndiyo yamestaafu."

Ayalneh anaguna. Nati ya kwanza inalegea, kisha ya pili, na kifuniko cha plastiki kinachoziba tundu la taa kinadondoka kifuani kwake. Anakiweka kando taratibu, kama mtu asiyetamani kufika kwenye hatua inayofuata.

Hapa Debre Sina, mahali mlima unapoanza kupanda kuelekea Tarmaber, hakuna dereva asiyemjua Gashe Ayalneh, kama wanavyomwita kwa heshima ya mzee. Ana miaka hamsini na saba, na ishirini na mitatu ameimaliza akifunga taa za ukungu kwenye pikapu za watu. Akishamaliza kazi, huwezi kujua kama taa zilikuja na gari kutoka kiwandani au zilitoka kwenye banda lake la mabati. Kwa jozi moja anapata birr elfu moja na mia tano za mkono wake, na siku za mvua kama hizi anaweza kufunga jozi tatu kwa wiki. Kiangazi kikifika anakaa mwezi mzima akibadilisha balbu za breki.

Lakini msimu huu wote alikuwa amemkatalia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mwanawe wa kumzaa.

Wenyewe husema mganga hajigangi. Huyu kawaganga wote, dawa akamfichia mtoto. Na wala hakuifanya siri.

"Bila taa za ukungu hakuna mwenye akili timamu anayevuka Tarmaber wakati wa mvua," anasema. "Nikimnyima taa, anabaki huku chini na mimi nalala. Nilijua vizuri ninachokifanya."

Emebet alikulia bandani humu. Akiwa darasa la pili alijua kutofautisha fyuzi nzima na iliyoungua. Baba alitarajia kumrithisha banda, lakini moyo wa binti ukaenda kwenye usukani. Mwaka juzi zamu yake ya upatu ilipofika, alinunua pikapu iliyotumika na kuanza kubeba vitunguu kutoka Shewa Robit, kule bondeni kwenye joto.

Shida ni kwamba anaishia Debre Sina. Hapo anashusha mzigo, wenzake wanaupakia, wanapanda nao mlima hadi Debre Birhan na kuuza kwa bei ya maana. Yeye anageuza gari na kurudi bondeni. Madereva wakampa jina: Emebet wa Bondeni.

"Kila siku nafika mlima unapoanza, nageuza," anasema huku akijifuta mikono. "Wanaopita wananipigia honi. Unadhani wananisalimia? Wananicheka. Gari ninalo, leseni ninayo, na baba ni fundi wa taa. Sasa mimi nimekosa nini?"

Wiki iliyopita akamletea baba habari. Kapata fundi mwingine Debre Birhan, kijana mwenye mkono mwepesi, anayemaliza kazi kwa saa moja.

Ayalneh anamjua fundi huyo kwa kazi zake, maana nyingi huishia kwake kurekebishwa. "Yule anafunga taa kama anafunga mbuzi," anasema. "Waya unaning'inia nje, kaukaza kwa kamba ya gunia. Maji yakiingia, taa inazimika katikati ya ukungu. Bora usingekuwa nayo kabisa, maana ulishaizoea."

Kesho yake wakiwa mezani alimwambia binti neno moja: "Lilete." Emebet akajua ni gari linaloitwa bandani. Mkewe, Tsehaynesh, aliinuka akaenda jikoni, na hakumsemesha mume wake siku mbili.

Ndiyo maana leo yuko chini ya bampa, na ndiyo maana mkono wake unakwenda polepole.

Kazi yenyewe si ya kukimbizana. Taa mbili za manjano zinaingia kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha wazi na kuyafunika. Waya anaupitisha sambamba na nyaya za gari lenyewe, ameuzungushia utepe wa kitambaa kama wa kiwandani, unaingia ndani kupitia mpira uleule uliotobolewa tayari kwenye ukuta wa injini. Rilei, kidude cha kupitishia umeme mkubwa wa taa, inakaa jirani na betri. Swichi inachomekwa kwenye nafasi tupu kando ya usukani, na taa haziwaki mpaka taa ndogo ziwe zimewashwa kwanza. Ukizima gari, nazo zinazima.

"Mtu anayenunua gari huangalia mambo haya," anasema. Kisha anatulia na kukohoa. "Ila huyu haliuzi. Nimefanya hivi kwa sababu sijui kufanya vingine."

Mgongo unamuuma. Anatoka chini ya gari kwa awamu, kwanza bega, kisha kiwiko, halafu anakaa sakafuni akipumua. Ni mfungo wa kanisa wa Agosti na hajatia kitu tumboni tangu jana. Emebet anampa mkono amwinue, anaukataa, halafu anaushika.

Ukimuuliza jambo linalomchosha zaidi katika kazi hii, hataji baridi wala mgongo.

"Watu wanadhani taa ya ukungu inaona mbali," anasema. "Inaona karibu, bwana. Kazi yake ni kukuonyesha ukingo wa barabara hapo chini ya pua yako, ili uende mdogomdogo. Dereva akishafungiwa anakuja kuniambia, Gashe, zipandishe kidogo. Nikikataa anafika njiani anazipandisha mwenyewe. Mwanga unagonga ukungu, unamrudia usoni, mbele kunakuwa kweupe kama shuka. Na mguu uko kwenye mafuta, kwa sababu moyoni anajua ana taa."

Miaka minne iliyopita alimfungia taa dereva aliyeitwa Gezahegn. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, anasema bila majigambo. Wiki tatu baadaye Gezahegn aliruka na gari kwenye kona iliyo kabla ya kufikia handaki la Tarmaber. Pikapu ilipovutwa hadi mjini, bampa lilikuwa limekunjamana na taa zote mbili zilikuwa zinawaka.

"Nilitamani ziwe zimezima," anasema Ayalneh. "Tungepata cha kulaumu. Nilikaa matangani siku tatu na hakuna aliyeninyooshea kidole. Mama yake alinimiminia kahawa. Hiyo kahawa sijaimaliza mpaka leo."

Emebet, aliyekuwa akikunja mabaki ya waya, anaacha kukunja. Habari hii anaijua, lakini ya kahawa hajawahi kuisikia. Anaingia kwenye gari na kujifanya anaitazama swichi.

Saa tisa alasiri ibada inakwisha, na Tsehaynesh anafika kutoka kanisani akiwa amejitanda shema, shuka jeupe la pamba, na chupa ya maji ya baraka mkononi. Anampita mumewe, anakwenda moja kwa moja mbele ya gari na kufungua kifuniko cha chupa.

"Subiri, mama," Ayalneh anamzuia. "Maungio sijayaziba."

"Haya ni maji matakatifu, Baba Emebet."

"Matakatifu, lakini ni maji. Waya haujabatizwa."

Tsehaynesh anambana kwa jicho, halafu kicheko kinamponyoka, na ndicho cha kwanza nyumbani humo kwa wiki nzima. Anasimama kusubiri. Fundi anaziba maungio yake kwa gundi moja baada ya jingine, na mke ananyunyizia taa, kioo, magurudumu na mwisho kichwa cha binti. Na cha fundi pia, kwa nguvu kidogo.

Sasa inabaki hatua ambayo mafundi wengine huiruka, nayo ndiyo inayolifanya banda hili lijulikane. Ayalneh halengi taa gari likiwa tupu. Pikapu yenye mzigo inakaa matako chini, pua juu, na taa zilizolengwa gari likiwa tupu zinatazama mbinguni. Kwa kuwa wateja huja bila mzigo, anatumia watu. Wenye safari ya kupanda mlimani wanajua: ukisikia kwa Gashe kuna gari linalengwa taa, unakwenda kukaa nyuma, unakuwa gunia kwa robo saa, kisha unapata usafiri wa bure.

Leo wamejitokeza tisa. Wa kwanza kupanda ni Mama Zenebech, muuza shayiri ya kukaanga, mwanamke mwenye mwili wake na asiyeuonea haya.

"Shukeni wanne," dereva mmoja anayesubiri zamu anatania. "Mama Zenebech kapanda, mzigo umetimia."

"Na wewe panda basi, tuone kama gari litajua kuna mtu," anajibu, na nyuma ya gari wanaangua kicheko.

Springi zinalia, pikapu inashuka nyuma. Mbele yake kuna ukuta wa banda wenye mistari ya chaki ya miaka mingi. Ayalneh anapima kwa kamba, anachora mpya, anamwambia Emebet awashe. Miduara miwili ya manjano inatokea ukutani. Anaishusha hadi kwenye mstari. Halafu anaishusha tena, chini ya mstari.

Emebet anatoa kichwa dirishani. "Baba, umepita chaki."

"Najua."

"Hapo nitaona urefu wa gari mbili tu."

"Basi nenda mwendo wa gari mbili."

"Wengine hukuwafanyia hivi."

"Wengine sikuwazaa."

Emebet anashuka. Anachuchumaa mbele ya gari, anatazama miduara ile, kisha anatazama vidole vya baba yake vilivyochubuka. Spana nyingine namba kumi iko kwenye droo ya gari lake, na aliyempa ni baba huyuhuyu. Kona ya kwanza tu akitaka kuzipandisha, atazipandisha. Wote wawili wanajua.

"Pandisha hadi kwenye mstari," Emebet anasema kwa upole. "Nitakwenda mwendo huohuo wa gari mbili. Lakini nataka kujua kwamba umenifungia kama unavyowafungia madereva."

Ayalneh anaigeuzageuza spana mkononi. Mvua inagonga mabati. Mwishowe anapiga magoti, anazungusha, na miduara inapanda hadi kwenye chaki. Anasimama kwa shida na kupiga bampa kwa kiganja mara mbili, kama anavyofanya akimruhusu mteja yeyote kuondoka.

"Haya. Usizipandishe."

"Sizipandishi."

Mpango ni kwamba avuke, alale kwa shangazi yake Debre Birhan, apakie shayiri na kushuka kesho. Tsehaynesh anampa mkate wa injera na mchuzi wa shiro kwenye kopo. Emebet anambusu mama mashavuni, kulia, kushoto, kulia, kisha anainama na kubusu goti la baba, heshima aliyoiacha tangu alipokuwa msichana wa shule. Ayalneh anamvuta juu haraka.

Ukungu umeshuka hadi kwenye nyumba za mwisho za mji. Pikapu inaondoka na abiria wake tisa wakipunga mikono, inapanda, na kabla ya kona ya kwanza imemezwa. Ayalneh amesimama katikati ya barabara. Taa alizozifunga siku nzima zinatazama mbele. Yeye aliyebaki nyuma haoni hata cheche. Kwa kitambo bado wanasikia watu wa nyuma wakicheka, halafu injini peke yake, halafu mvua.

Tsehaynesh anamshika mkono. "Ingia ndani, utaumwa."

Haingii. Anarudi bandani na kuanza kupekua kwenye kasha la vyuma, akiinua kitu kimoja na kukitazama kwenye mwanga, akikiweka, akiinua kingine. Dereva anayesubiri zamu anamuuliza kama leo bado anafanya kazi. Anajibu kwamba amechoka, aje kesho.

Anachokitafuta anakipata chini kabisa. Ni taa moja ya ukungu, nyekundu, ya kufungwa nyuma ya gari. Miaka ishirini na mitatu, anasema, hakuna mteja aliyewahi kumwomba taa ya nyuma, kwa sababu haimsaidii dereva kuona chochote.

"Kesho akishuka namfungia hii," anasema, akiifuta vumbi kwa mkono wa koti. "Safari nyingine akipanda, nataka nimwone walau mpaka kwenye kona."

Kisha anakaa kwenye kigoda na kuanza kukata waya.